Maji twahara si lazima yawe salama kunywa: Somo kutoka Ngazija



Katika safu yetu ya afya leo tutazungumzia maji, na somo letu tutalichukua kwa ndugu zetu wa Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Komoro. Wengi wetu tunakijua kisiwa hicho kwa wanazuoni wake. Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi Zanzibar na kusomesha wengi katika mwambao wetu, alizaliwa huko. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kisiwa hicho, pamoja na mvua nyingi inayonyesha, hakina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Watu wake wamelazimika kujifunza kuhifadhi maji, na waliyoyapata yana faida kwa kila nyumba yenye tangi, pipa au kisima.

Kuna jambo moja lililonisukuma kuandika mada hii. Mara nyingi mzazi anapoleta mtoto anayeharisha, ukimuuliza wanakunywa maji gani, jibu huwa: “Maji yetu ni safi tabibu, ndiyo tunayotawadhia.” Jibu hilo linachanganya mambo mawili. Kuna maji yaliyo twahara kisheria, na kuna maji yaliyo salama kiafya. Mara nyingi sifa hizo mbili hukutana, lakini si kila wakati, na pale zinapoachana ndipo watoto wetu wanapougua.

Mvua nyingi, mito hakuna

Ngazija ni mlima uliochomoza kutoka baharini. Umejengwa na moto wa volkano tabaka juu ya tabaka. Upande wa kusini uko mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361, na volkano yake ingali hai. Mawingu yanayotoka baharini yakiukuta mlima huo hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Kwenye miteremko ya magharibi kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata wastani wa kiasi cha milimita 1,100 tu.

Sasa maji yote hayo yanakwenda wapi? Jibu liko kwenye mwamba. Mawe ya volkano changa yana matundu na nyufa nyingi. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu ya ardhi, bali huzama moja kwa moja kama yaliyomwagwa kwenye chujio. Udongo wa mfinyanzi, ambao kwingineko huzuia maji yasizame, bado haujapata muda wa kujengeka katika sehemu nyingi za kisiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kulowa kwa mvua asubuhi, na jioni akakosa maji ya kupikia.

Visiwa jirani vya Nzwani na Mwali ni vya volkano pia, lakini vina umri mkubwa zaidi. Mwamba wao umeoza na kuwa udongo unaoshika maji, hivyo mito ipo. Hata hivyo, huko Nzwani mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi, na sababu mojawapo kubwa ni kukatwa kwa misitu milimani. Msitu unapoondoka, mvua hushuka kwa kasi na kubeba udongo mpaka baharini, wala haipati nafasi ya kuzama taratibu na kulisha chemchemi.

Maji matamu yanayoelea juu ya maji chumvi

Maji yaliyozama ndani ya mwamba wa Ngazija hayapotei. Hushuka mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tofauti ni kwamba mafuta hayachanganyiki na mchuzi, ila maji matamu na ya chumvi huchanganyika ukiyavuruga.

Wataalamu wa maji wana kanuni moja hapa. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hiyo ni habari njema, lakini igeuze upande wa pili. Ukivuta maji kwa pampu mpaka usawa wake ukashuka mita moja, maji ya chumvi yaliyo chini yanaweza kupanda mpaka mita 40. Kisima kilichokuwa kitamu huanza kuwa na chumvi, na kikishaharibika huchukua muda mrefu kurejea.

Kwa sababu hiyo visima vingi vya karibu na pwani ya Ngazija vina maji ya magadi au chumvi, na ladha yake hubadilika kwa maji kujaa na kupwa. Mji mkuu, Moroni, hutegemea visima vyenye pampu kubwa vilivyoko Vuvuni. Mafuriko ya Aprili 2012 yalipoharibu mitambo ya huko, mji mzima ulipata taabu ya maji. Vijiji vya juu na vya mashariki, ambako kuchimba kisima kunamaanisha kupasua mwamba kwa mamia ya mita, hutegemea mvua inayovunwa kwenye paa na kuhifadhiwa katika matangi na mabirika ya saruji.

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wanaijua hali hii. Mwamba wao una sehemu za matumbawe, si wa volkano, lakini maji yao matamu nayo huelea juu ya bahari. Anayechimba kisima kando ya kisima cha mwenziwe, kila mmoja akavuta kwa pampu usiku na mchana, wote wawili watakunywa chumvi.

Majivu yalipoingia matangini

Mwaka 2005 Karthala ililipuka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi Aprili, ambapo maelfu ya watu walihama vijiji vyao kwa muda. Mara ya pili ilikuwa Novemba. Safari zote mbili tatizo kubwa halikuwa moto bali majivu. Yalianguka juu ya mapaa, yakaingia kwenye magata, na kutoka hapo yakaingia kwenye matangi ambayo familia nzima ilikuwa ikiyategemea. Ikabidi maji ya kunywa yagawiwe kwa misaada.

Kwa nini majivu ya volkano ni tatizo? Si majivu ya kuni. Ni mawe yaliyosagika kuwa vumbi, na vumbi hilo hubeba tindikali na madini kutoka kwenye gesi za mlima, ikiwemo floraidi. Maji hugeuka kuwa machungu au makali. Tindikali nayo hula bati, misumari na rangi ya paa, na kama rangi ina risasi, risasi hiyo huingia ndani ya maji. Isitoshe, maji yenye majivu ni ya vumbi, na klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya vumbi kwa sababu vijidudu hujificha ndani ya chembe zake.

Hapa ndipo tunapoiona tofauti niliyoitaja mwanzo. Maji yaliyobadilika rangi kwa kuchanganyika na udongo hayatoki katika uwezo wake wa kutwaharisha. Hilo linafundishwa madrasa katika mlango wa kwanza wa fiqhi. Mtu anaweza kutawadha kwayo na swala yake ikasihi. Lakini kumpa mtoto ayanywe miezi mitatu ni jambo jingine kabisa.

Sheria inapima nini, na hospitali inapima nini

Tuliosoma fiqhi ya Imamu Shafii, madhehebu yanayofuatwa Komoro na mwambao wetu wote, tunajua kipimo cha qulatayn, ambacho masheikh wengi wa zama hizi wanakikadiria kuwa karibu lita 200. Maji yakiwa chini ya hapo, najisi ikiyaangukia yananajisika. Yakifikia hapo na kuzidi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu.

Kipimo hicho ni cha ibada, na ni rehema, kwa sababu kinamwondolea Muislamu wasiwasi. Hakikuwekwa kuwa kipimo cha maradhi. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu havina rangi, havina ladha wala harufu. Birika la lita 2,000 likiingiwa na maji ya choo kidogo tu, laweza kubaki twahara kisheria huku kila kikombe kinachotekwa humo kikiwa na maradhi. Hakuna mgongano baina ya dini na tiba katika hili. Sheria hiyo hiyo iliyotuwekea hukumu za udhu imetukataza kujitia katika maangamizi, imetukataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na imetuamrisha kufunika vyombo vyetu usiku. Anayetibu maji yake kabla ya kunywa anatekeleza mafundisho hayo.

Ushahidi wa karibuni tunao. Februari 2024 Komoro ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, baada ya boti iliyotoka huku kwetu Tanzania kufika Moroni ikiwa na wagonjwa. Katika miezi iliyofuata zaidi ya watu 10,000 waliugua na zaidi ya 100 walifariki. Kilichoathirika zaidi ni Nzwani, kisiwa kile chenye mito. Kwa hiyo kuwa na maji mengi peke yake si kinga. Mto ambao juu yake watu wanafua na kujisaidia, na chini yake wengine wanateka maji ya kunywa, ni njia nyepesi kabisa ya ugonjwa kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile.

Birika la msikiti na mbu

Jambo jingine tunalojifunza Ngazija ni kuhusu mbu. Kwa kuwa kisiwa hakina mito wala madimbwi mengi ya kudumu, mbu wa malaria wamejifunza kuzaliana ndani ya matangi ya nyumbani na mabirika ya kutawadhia misikitini. Maji waliyoyahifadhi watu kwa ajili ya udhu ndiyo yaliyokuwa yakilea mbu wa kuwauma baada ya Isha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulifanyika mpango wa kuweka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi ndani ya mabirika hayo, na mbu walipungua. Ni dawa nyepesi isiyo na sumu. Nyumbani kwako unaweza kufanya jepesi zaidi. Funika tangi kwa mfuniko unaobana, na funga wavu wa dirishani kwenye tundu la kuingizia maji na la kupumulia. Tangi lisilofunikwa vizuri huzaa pia mbu wa homa ya dengi, ambao huuma mchana na hupenda sana maji yaliyohifadhiwa majumbani.

Namna ya kuvuna na kutunza maji ya mvua

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000. Ukitoa yanayomwagika na kupotea, usikose kubakiwa na lita 800. Kwa nyumba ya watu sita wanaotumia lita tano tano kwa kunywa na kupikia, hayo ni maji ya zaidi ya siku 25. Hiyo ni neema isiyofaa kuachwa ipotelee uani.

Ila mvua huteremka na uchafu wa paa. Kinyesi cha ndege, majani makavu, mijusi na panya waliokufa, vyote hivyo huoshwa na mvua ya kwanza. Basi fanya hivi:

Kabla ya msimu wa mvua, safisha paa na magata, na sugua tangi ndani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, geuza bomba ili maji ya dakika 10 hadi 20 za mwanzo yamwagike nje au yaingie kwenye pipa la kufulia. Kisha ndipo uyaelekeze tangini. Weka wavu mahali maji yanapoingilia. Teka kwa bomba lililofungwa chini ya tangi, si kwa kutumbukiza ndoo, kwa sababu ndoo iliyowekwa sakafuni hubeba uchafu wa sakafu. Choo kiwe mbali na kisima, na upande wa chini wa mteremko. Kwenye ardhi yenye nyufa kama ile ya Ngazija, au ya matumbawe kama Unguja, uchafu husafiri mbali na haraka kuliko kwenye udongo wa kawaida.

Maji ya kunywa yatibiwe hata kama yanang'aa. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuchemsha mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ya pili ni dawa ya klorini. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kama maji yana vumbi, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa. Ya tatu ni ya jua. Jaza maji maangavu kwenye chupa nyeupe ya plastiki isiyozidi lita mbili, ilaze juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kama kuna mawingu.

Mtu akianza kuharisha maji maji kama ya mchele, usisubiri asubuhi. Kipindupindu huua kwa saa chache kwa kumkausha mtu maji. Mpe maji ya chumvi na sukari mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vijiko vya kusawazishwa. Mtoto anyonyeshaye aendelee kunyonya. Na kama Allah (SW) amemchukua mgonjwa wa kipindupindu, msiharakie kumwosha nyumbani kwa mazoea. Waiteni maofisa wa afya. Maiti huoshwa na watu wachache wenye glavu na dawa, na waliomwosha wasishike chakula cha waombolezaji.

Yasiyotoka kwa kuchemsha

Yako mambo mawili ambayo moto hauyaondoi, nayo ni chumvi na floraidi. Ukichemsha maji ya chumvi unapunguza maji na kuacha chumvi ile ile, hivyo yanazidi ukali. Mwenye shinikizo la damu anayetegemea kisima cha magadi amweleze tabibu wake, na kama kuna uwezekano anywe ya mvua.

Floraidi tunaijua hapa nyumbani. Maeneo yanayozunguka mlima Meru, mkoani Arusha, ni ya volkano, na maji yake mengi yana floraidi kupita kiasi. Meno ya kahawia ya wenyeji wa sehemu kama Maji ya Chai yametokana nayo, na baadhi ya watoto hupinda miguu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haina rangi wala harufu, na haijulikani ila kwa kupimwa maabara. Ofisi za maji hupima. Msikiti au kijiji kinachotaka kuchimba kisima katika maeneo hayo kianze na kipimo hicho, kabla ya kukusanya michango ya pampu.

Nasaha ya mwisho

Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki hata lita moja. Sisi tunafungulia bomba mpaka tumalize kusukutua, na maji ya ndoo nzima yamekwenda. Mwenye kuishi Ngazija kiangazi hawezi kufanya hivyo, kwani tangi likikauka hakuna mto wa kukimbilia. Tujifunze kwao uchumi huo wa maji kabla hatujalazimishwa na ukame.

Na wewe mwenye uwezo, kumbuka kwamba Uthman bin Affan (RA) alinunua kisima cha Ruma akakifanya sadaka kwa Waislamu. Sadaka ya maji ina malipo makubwa. Lakini kisima kinachochimbwa bila kupimwa, au tangi la msikiti lisilo na mfuniko, laweza kugeuka madhara kwa wale wale uliokusudia kuwanufaisha. Ukitoa maji, toa na mfuniko wake, wavu wake, na gharama ya kuyapima kila mwaka.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Panda juu uangalie tangi lako, na ufunue mfuniko wa tangi la msikiti wenu. Utakachokiona humo ndicho familia yako inachokunywa na kusukutulia.

Allah (SW) atujaalie afya njema na atunusuru na maradhi sisi na ndugu zetu wa visiwani. Amin.

Wabillahi tawfiq.